Nyumba ya Waliopimwa

Zaina ndiye aliyenipigia simu kutoka Beni. Nilikuwa Lubero, nyuma ya nyumba yangu, nikichambua viazi vya mbegu, na baridi ya asubuhi ilikuwa bado imeng'ang'ania vidole. Hakunisalimia. Alisema tu: "Kavira, Mama Kanyere amekufa. Unaenda kulia ao unaenda kuhakikisha?" Nilicheka peke yangu kati ya magunia, kisha nikakaa chini. Nilimjibu kwamba naenda kwa yote mawili.

Msiba ulikuwa kwake, mtaa wa Vulamba, mjini Butembo. Walikuwa wamefunga hema la plastiki, wamekodi viti, na kwaya ya parokia iliimba kwa sauti nzuri hata nikasahau kidogo nilikuja kufanya nini. Katekista mmoja kijana, ambaye wakati wa mambo nitakayoyasimulia hakuwa amezaliwa, alishika kipaza sauti akasema marehemu aliwatoa wanawake kwenye ulevi na kuwakinga na ugonjwa mbaya. Watu wakatikisa vichwa. Akauliza kama yupo mmoja wa wanawake wale, asimame atoe ushuhuda. Sikusimama. Si kwamba alisema uongo. Ni kwamba alichosema kilikuwa laini mno, kama ugali uliopikwa na mtu anayetafuta mume, na mimi mpaka leo sijamaliza kumshuku mwanamke yule. Basi nitaandika hapa nilichokiona. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala nani alinilea. Hao siyo walioninywesha.

Aliyeninywesha ni yeye. Ulikuwa wakati wa vita vya pili vya Kongo, waasi wakitawala Butembo na Beni pamoja na askari waliotoka ng'ambo ya mpaka, na kila baada ya muda tukisikia jina jipya la mkubwa tunayepaswa kumwogopa. Mama Kanyere alipika lotoko nyuma ya soko, pombe ya mahindi na muhogo, kali, safi, ukiiwasha inatoa moto wa buluu. Alikuwa mjane mnene, mwenye rozari shingoni na mikono ya mwanaume. Alijua kiu ya kila mtu. Ulipoingia kwake ulikuta bilauri yako imejaa kabla hujaketi. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, nikiishi na dereva wa lori aliyeitwa Kambale, ambaye alikwenda Kasindi, mpakani, na kukaa huko wiki nzima, wakati mwingine zaidi, na aliporudi hakupenda maswali. Nilikunywa ili nisiulize. Baadaye nilikunywa kwa sababu asubuhi mikono ilitetemeka nisipokunywa.

Siku moja tukakuta mlango wake umefungwa. Wengine walisema askari wamemnyang'anya mtaji, wengine kwamba amelogwa. Baada ya majuma machache akanikuta mimi mwenyewe, nimeketi kwenye mtaro karibu na soko na kiatu kimoja, akasema: "Kavira, simama, twende kwangu." Nikamfuata mbio. Nilidhani amefungua kilabu kipya kwa siri. Nilipofika Vulamba nikakuta nyumba ya matofali ya udongo yenye paa la mabati, uani mikaratusi michache, na wanawake wamekaa juu ya mkeka wakichambua sombe, majani ya muhogo. Nilipouliza bilauri yangu iko wapi, alinijibu: "Hapa hapana kunywa, mwanangu. Hapa ni kulala, kula na kutetemeka mpaka iishe."

Kulikuwa na chumba cha nyuma cha kutetemekea. Wanawake walikiita Kinshasa, kwa sababu wakati ule nchi ilikuwa imekatwa vipande na hakuna aliyeweza kwenda Kinshasa na kurudi na akili yake. Nililala humo nikiona siafu wakishuka ukutani, nikitapika, nikimtukana Mama Kanyere kwa Kinande na kwa Kilingala cha askari, naye akininywesha uji wa mtama wenye sukari, kijiko kwa kijiko, akinifuta mdomo kwa upindo wa kitenge chake. Nilipopata nafuu kitu cha kwanza nilichokitambua ni pipa la kupashia maji ya kuoga. Lilikuwa pipa lake la lotoko, lilelile, lenye kovu la kuunganishwa ubavuni. Tuliapa kwamba maji yale yana harufu. Mwenzetu mmoja, mama mtu mzima aitwaye Katungu, alikuwa akiyaonja kabla ya kujimwagia. "Alituingiza," alisema, akilamba midomo, "sasa anatutoa. Mutu anafungua mulango mara mbili, ujue iko anapitisha kitu."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, asubuhi na jioni: anapitisha nini? Chakula kilikuwa kizuri mno. Tulikula ugali wa muhogo na sombe yenye mafuta ya mawese, viazi vya Lubero, maharagwe, na wakati mwingine makayabu, samaki yule mkavu wa chumvi ambaye hata wenye duka walimla kwa sikukuu. Sisi tulikuwa walevi waliookotwa. Mwanamke niliyelala naye mkeka mmoja ndiye Zaina huyuhuyu wa simu. Alitoka Beni, familia ya Kiislamu ya wasafirishaji, watu wa heshima, naye aliificha lotoko ndani ya birika la chai mpaka siku alipoanguka mbele ya wakwe. Alikuwa mrembo, mkavu wa maneno, na hakumwamini hata anayempa maji. Alininong'oneza: "Nani anafuga kuku juu ya kuangalia mabawa? Anatunonesha. Ngoja tu."

Halafu akaja infirmière. Aliitwa Georgine, mwanamke mwembamba mwenye miwani, muuguzi wa kituo kimoja cha afya, na alikuja kila Jumatano akiwa amebeba mkoba begani. Alitukusanya saluni, yaani sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, akaanza kutusemesha habari za SIDA, yaani UKIMWI. Ugonjwa wenyewe tuliujua; tulikuwa tumezika watu. Kipya kilikuwa kwamba alituambia sisi, walevi, kwa nini unatupata upesi. "Lotoko yenyewe haileti SIDA," alisema. "Inafungua mulango tu, na mwenye kuingia habishi hodi. Mara ya mwisho ulilewa, uliamuka wapi? Na nani?" Katungu alitazama dari. Zaina ndiye aliyefungua mdomo: "Na weye, juu ya nini unataka kujua?" Georgine hakukasirika. Alisema hataki kujua, anataka sisi tujue. Jibu hilo lilitutia shaka zaidi, maana hatukuwa tumewahi kukutana na mtu wa serikali, wa kanisa wala wa hospitali ambaye hataki kujua mambo ya mtu.

Wiki iliyofuata akatoa kapoti mkobani, yaani kondomu. Za wanaume kwanza, kisha nyingine kubwa, ya ajabu, yenye pete mbili, akasema hii ni ya mwanamke. Akakunja ngumi, akatuonyesha inavyoingia. Masika, mdogo wetu, ambaye hata kifua chake kilikuwa hakijakomaa vizuri, alicheka mpaka akajificha nyuma ya kiti. Georgine alingoja tumalize. "Hii ni yako weye, hapana ya bwana," alisema. "Anaweza kukataa yake. Hii unavaa mbele hajaingia nyumbani. Anaweza kurudi amelewa. Weye hapana." Nilimfikiria Kambale akirudi kutoka Kasindi na harufu ya sabuni isiyo yangu. Nilitaka kuichukua. Lakini Katungu aliuliza: "Ile mafuta ndani ni ya nini?" na sote tukarudisha mikono, kwa sababu mjini kila mtu alijua habari ile, kwamba mdudu wa SIDA amewekwa ndani ya mafuta ya kapoti na watu wanaotaka tuishe.

Katungu hakuwa mtu wa kuachia jambo hewani. Kesho yake alichukua kapoti moja, akaijaza maji, akaifunga shingo kama kibuyu, akaitundika juani kwenye ukuta wa jiko. Alisema jua likiipiga, wadudu watatoka. Tulikaa kuizunguka siku nzima, tukimenya viazi, jicho likienda ukutani. Saa za mchana vikaonekana vitu vidogo vyeupe vikipanda. Masika akapiga kelele: "Banatembea!" Zaina akasogea, akaitikisa, akasema ni mapovu. Tukagawanyika, wenye wadudu na wenye mapovu, tukabishana mpaka sombe ikaungua. Mama Kanyere alitoka, akaitazama kapoti ile imening'inia, akatutazama sisi. Tulitegemea atatutukana. Alisema tu: "Mukimaliza, muitoboe, mumwagilie bitunguu. Tuone kama bitunguu bitagonjwa." Vitunguu havikuugua. Hata hivyo nilikuwa bado sijaamini. Nilizichukua zile za pete mbili na kuzificha ndani ya mto wangu, maana nilijiambia: kama ni sumu, nitajua baadaye, kama ni dawa, Kambale anarudi Jumapili.

Kisha tukapimwa. Georgine alitoa damu, akaiweka kwenye sanduku la baridi, akaondoka nayo. Sokoni walishaanza kusema: Kanyere anauza damu za walevi ng'ambo. Majibu yalikuja baada ya siku nyingi, na kila mmoja aliitwa peke yake Kinshasa, mlango ukafungwa. Georgine alituambia jibu ni mali ya mwenyewe, kama jino lake. Mimi niliambiwa sina. Nilitoka nikiuma ulimi ili nisicheke. Zaina alitoka baada yangu, akajifunga kitambaa upya kichwani, akauliza leo tunapika nini. Nikadhani naye hana. Nani angeuliza chakula?

Siku zilezile likaletwa gunia la mchele. Mchele, kwenye nyumba ya ugali. Liliteremshwa na askari, na tulipomuuliza Mama Kanyere limetoka wapi alijibu kwamba limetoka kwa Mungu. Jumapili Kambale alipokuja kunitazama alisimama getini, hakuingia. Aliniambia mjini wanasema Kanyere anasafisha wanawake: anawaachisha pombe, anawapima, anawapa kapoti, anawanenepesha, halafu anawapeleka kwa wakubwa wa jeshi. Nilimwamini, kwa sababu kila kipande cha hadithi ile nilikuwa nimekishika kwa mikono yangu. Hakuna kilichopungua. Nilimwomba anitoe siku ileile. Alisema ana safari, tutaongea.

Hazikupita siku nyingi. Tulikuwa tumemaliza kula mchana, mimi na Zaina tuko depo, yaani stoo, tukichambua maharagwe. Depo ilitengwa na saluni kwa mbao tu, na mbao zilikuwa na nafasi. Tukasikia gari, buti, kiti kikilia. Sauti ya mwanaume ikasema: "Mama, miye niko mutu ya wazi. Bakubwa yangu banakufa. Hapana kwa masasi. Kwa ile bugonjwa. Banasema huku kwako iko bamama bamepimwa, hawanywe tena, biko safi. Nabataka bale. Batakula muzuri, batavaa muzuri, nani atawagusa?" Nilingoja Mama Kanyere apige kelele, amwite Bikira Maria, amfukuze. Alivuta kiti karibu. Kisha nikasikia sauti yake, tulivu, sauti ileile ya nyuma ya soko: "Na miye nitapata nini?"

Yule mwanaume alicheka. "Sasa tunasikilizana, mama." Alimwahidi mchele zaidi, ulinzi, na kwamba hakuna askari atakayevunja mlango wake. Mama Kanyere akasema: "Unipatie mpaka siku ya posho. Majibu ya bengine haiyafika." Posho ni Jumamosi, na majibu yalikuwa yamefika yote. Zaina alikuwa amenishika kiganja mpaka kucha zikaingia. Yule mwanaume, ambaye askari walimwita commandant, yaani kamanda, alipoondoka aliacha mmoja wao getini, ameketi juu ya kigoda chetu, bunduki magotini, kwa ulinzi, alisema.

Tuliwaambia wenzetu jikoni, kwa kunong'ona, moshi ukitusaidia. Masika alianza kulia. Katungu alisema amemjua Kanyere miaka mingi na hajawahi kumwona akipoteza faida. Siku mbili kabla ya Jumamosi, wakati wa chai, Mama Kanyere akatuita. Alisema kesho asubuhi sote tunakwenda Kalunguta kwa ndugu yake kuvuna maharagwe. Tuchukue majembe. Na mablanketi. "Maharagi inavunwa na blanketi?" Zaina aliuliza. Mama Kanyere alitupa jicho kuelekea getini. "Kule iko baridi," alisema. Hapo ndipo alipotupoteza. Kalunguta iko chini, kuna joto kuliko Butembo, kila mtu aliyewahi kupita njia ya Beni anajua. Mtu anayekudanganya kuhusu baridi anakudanganya kuhusu jambo lingine.

Asubuhi tuliketi sakafuni saluni na kukataa kuinuka. Alitubembeleza. Alipiga magoti, mwanamke mnene vile, akakutanisha viganja, akisema kwa sauti ndogo sana ili asisikiwe nje: "Banangu, muniamini siku moja tu." Zaina akamjibu: "Siku moja inatosha kuuza mutu." Alitutazama mmoja mmoja. Leo najiuliza kwa nini hakutuambia waziwazi kwamba anatutorosha, hata kwa kutuandikia vumbini kwa kidole. Nadhani hakutuamini. Alijua sisi ni walevi, na mlevi mwenye kiu huuza habari kwa nusu bilauri, na mlinzi pale getini alikuwa na chupa. Alitushuku kama sisi tulivyomshuku, na nyumba nzima ikakaa hivyo mpaka jua likazama.

Jumamosi lori likaja. Halikuwa gari la kawaida la commandant, lilikuwa lori lenye turubai. Georgine alikuwa ameingia muda mfupi kabla, ingawa haikuwa siku yake, na nilipomwona nikasema moyoni: huyu naye yumo. Tulipangwa uani. Majirani walijaa kwenye ua wa miti, na kati yao nikamwona mke wa dereva mmoja, mwenzake Kambale, ameshika shavu. Mama Kanyere alitoka mlangoni na rozari yake, akamsalimia commandant vizuri, kisha akapaza sauti kama mtu anayetangaza bei sokoni: "Commandant, pole, umechelewa. Majibu imefika. Bote biko na ile bugonjwa. Bote."

Ua wote ulipiga mguno. Nilihisi uso ukiwaka moto. Commandant hakuwa mjinga. "Bote?" alisema. "Ata huyu kadogo?" Akamnyooshea Masika kidole. Akamgeukia Georgine. "Infirmière, ni kweli?" Tulimjua Georgine. Alikuwa ametuambia jibu ni kama jino la mtu. Alivua miwani, akaifuta, akasema: "Commandant, miye hapana sema majibu ya mutu. Lakini kama ningekuwa weye, ningerudisha hii camion." Commandant aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeonja chakula asichokiamini. Kisha akasema tupande, hospitali yake mwenyewe itatupima tena.

Zaina alijitenga na mstari. Alimwendea moja kwa moja, akasimama karibu naye kuliko mwanamke anavyopaswa kusimama, akafungua mdomo wazi. "Angalia," alisema. "Angalia muzuri, hapa, kwa ulimi. Mutoto yangu alizaliwa nayo, akakufa nayo, nilimuzika Beni akiwa hajajua kutembea. Njo nilianza kunywa, mpaka bwana akanifukuza. Unanitaka? Miye niko tayari. Lori iko wapi, tupande." Akakusanya kitenge chake kwa mkono mmoja, akaweka mguu juu ya gurudumu. Commandant alirudi nyuma hatua moja, akafuta mkono wake kwenye suruali ingawa hakuwa amemgusa. Nyuma yangu Katungu akasema: "Na miye." Masika akasema: "Na miye," sauti ikikatika. Wengine wakafuata. Nilibaki mimi. Nilimwona mke wa yule dereva akinitazama mdomoni, nikajua nikisema, kabla ya jioni habari itakuwa Kasindi. Nilikuwa mzima. Kilikuwa kitu pekee kizuri nilichoambiwa mwaka ule. Nikasema: "Na miye."

Commandant akamgeukia Mama Kanyere, akamwambia: "Ulinidanganya wiki nzima, ao unanidanganya sasa. Ni moja kati ya hizo." Akaamuru gunia la mchele, lililobaki nusu, lirudishwe. Mlinzi akainuka kwenye kigoda chetu. Lori likaondoka tupu, na majirani wakasogea mbali na ua kama vile miti yenyewe imeshika ugonjwa.

Nilimkuta Zaina jikoni. Alikuwa anamenya viazi. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyetoka mtoni bila kuliwa na mamba, nikamwambia: "Ulicheza muzuri, dada. Ata miye niliogopa." Hakuinua kichwa. Alimaliza kiazi, akakitia majini. "Sikucheza," alisema. Nikamkumbusha kwamba siku ya majibu alitoka akauliza tunapika nini. "Ningeuliza nini?" alijibu. Tulikuwa tumelala mkeka mmoja, blanketi moja, tumekunywa kikombe kimoja. Nasema kweli, macho yangu yalikwenda kwenye kikombe, naye aliona yalipokwenda. Georgine alikuwa ametueleza Jumatano nyingi kwamba kikombe hakina kosa, na nilikuwa nimeitikia kila mara. Sasa ndipo nilipotakiwa kuamini. Nilichukua kisu cha pili, nikakaa, nikamenya.

Nyumba haikudumu. Mjini waliiita nyumba ya SIDA, sokoni hawakutaka kutuuzia hata chumvi, na wanawake wapya hawakuja. Kambale alimtuma mtu achukue godoro na redio kule tulikoishi naye, yeye hakuonekana. Kabla hatujatawanyika nilimfuata Mama Kanyere uani, akifua, nikamuuliza kilichokuwa kikiniuma: kwa nini alimwuliza yule mtu atapata nini? Alikamua nguo kwanza. "Mutu asiyeuliza bei," alisema, "banajua hapana uza. Basi banakuja kuchukua bule." Nikamuuliza kwa nini alifungua nyumba hii tangu mwanzo. "Nilichoka kuzika bakiliya yangu," alisema. Wateja wake. Maneno yalikuwa mazuri, na nilitaka yanitoshe. Lakini gunia lile la mchele lilifika kabla ya commandant kuja kuongea. Lilikuwa la nini? Nilimwuliza hilo pia. Alinipa ncha moja ya shuka niishike tukamue pamoja, na hakujibu, na sasa amekufa nalo. Huenda alianza kuuza akaghairi. Huenda alikuwa anajinunulia muda tangu siku ya kwanza. Nimelifikiria hili kwa miaka yote hii na mizani haijalala upande wowote. Ninachojua ni kwamba Jumamosi ile lori liliondoka tupu.

Mimi na Zaina tulikwenda Beni. Tulikodi chumba kimoja, tukauza mandazi asubuhi mbele ya mlango. Sisemi kiu iliisha. Jioni nyingine tulifungiana mlango na kukaa juu ya ufunguo. Georgine alitutafutia mtu huko wa kumtibu Zaina vidonda vya mdomo, na dawa kubwa za SIDA zilipofika nchini, miaka baadaye, Zaina alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzimeza, akinusa kila kidonge kabla ya kukiamini.

Mwisho wa mwaka ule tuliohamia Beni, mvua zikiwa zimechachamaa, Kambale akaja. Nilimtambua kwa kikohozi chake kabla sijamwona. Alikuwa amepungua, lakini amevaa shati jipya. Aliketi kwenye kitanda chetu, akasifu chumba, akasema: "Kavira, nilisikia ile maneno ilikuwa ya kudanganya basoda. Nilisikia weye uko safi. Urudi nyumbani." Sikujua nani alimwambia tuliwadanganya askari, na hilo lilinitisha, maana kilichomfikia yeye kingeweza kumfikia commandant. Lakini nililisikia zaidi lile neno, safi, kama mtu anayechagua nyama. Zaina alikuwa mlangoni, amegeuza mgongo, akigeuza mandazi yasiyohitaji kugeuzwa.

"Na weye?" nikamuuliza.

"Miye nini?"

"Uko safi?"

Alicheka, akamtazama Zaina amsaidie kucheka. "Miye ni mwanaume, Kavira."

Nilimwambia kuna mahali pa kupimia, si mbali, twende kesho wote wawili. Na kama hataki, nikatoa zile kapoti za pete mbili, nikaziweka juu ya kitanda kati yetu, nikamwambia nitavaa hii, kila mara, sitamwomba ruhusa. Alizitazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyekufa. Alikasirika, akaniuliza nani amenifundisha utovu wa adabu, kisha akapoa, kisha akasema sawa, kesho, atakuja kula mchana halafu tutakwenda. Alinipa mkono alipoondoka. Kiganja kilikuwa kimelowa.

Kesho yake nilipika viazi na maharagwe, nikatenga sahani tatu. Mvua ilinyesha, ikaacha. Malori yalipita barabarani, na kila moja lilipopunguza mwendo nilisikiliza. Baadaye sana, miaka baadaye, niliambiwa amekufa Kasindi kwa malaria. Sikuamini, na sikuuliza. Siku ile nilikaa tu na chakula kikipoa, nikishangaa kwamba sikuwa na huzuni bali shaka, shaka tu, ya kawaida, kama njaa, na kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeifuata mpaka mwisho wake badala ya kuinywea.

Zaina alimaliza sahani yake. Akaitazama ile ya tatu, akaitazama njia, akanitazama mimi.

"Huyu hatakuja," alisema. "Leta hapa."

Tukagawana.